Kabla Hujanunua Mashine ya Kahawa

Mwanangu Sekunda,

Umeondoka hapa baada ya chakula cha mchana kwenda Chiungutwa kumuaga shangazi yako, na najua hatakuachia mpaka jua lizame. Mizigo yako iko hapa barazani, sanduku la bati na mfuko wa vitabu, nami nimevuta meza ndogo karibu yake ili niandike kungali na mwanga. Barua hii nitaiweka juu ya vitabu. Usiifungue stendi. Ifungue mkishavuka Tunduru, mahali ambapo huwezi tena kushuka ukarudi kuniuliza.

Sitakuandikia habari za kufua, kupika wala kuamka mapema. Hayo unayajua kuliko mimi. Uliibeba nyumba hii ukiwa na miaka kumi na mmoja, na sijakushukuru vya kutosha. Ninachotaka ni kujibu swali lako la Jumapili. Tulikuwa tumetoka kanisani, ukaniambia kwamba katika duka moja la Mtwara umeona mashine za kahawa za aina tatu, na kwa kuwa umepangiwa kufundisha Mbinga, kwenye kahawa yenyewe, unataka ukija likizo ununue moja kwa mshahara wako wa kwanza. Ukauliza, "Baba, ninunue ipi?" Nikacheka, nikasema mwalimu mpya anunue godoro kwanza. Kisha nikatoka nje kuwaangalia kuku, ambao hawakuwa na shida yoyote.

Swali halikuwa la kuchekesha. Niliogopa. Mashine ya kahawa imewahi kuingia katika nyumba yetu, wewe ukiwa hujaanza shule, na yaliyofuata ndiyo ambayo mjomba wako Otmari anaweza kukusimulia wiki ya kwanza utakayofika kule. Yeye ni mtu mkweli, hataongeza kitu. Lakini nataka uyasikie kwangu kabla hujayasikia kwake.

Unajua kwamba mama yako alizaliwa Mbinga. Labda hujui kwamba mibuni ya kwao ilianzia nyuma ya jiko, hata alipokuwa mtoto alikuwa akianika nguo juu yake na kupigwa kwa hilo. Watu wengi wa kule huuza kahawa yao yote na wenyewe hunywa chai. Lakini babu yako mzaa mama alikuwa mpishi wa mapadri, akajifunza kunywa huko, akaifundisha nyumba nzima. Walipoondoka mapadri wale wazee walimwachia kisagio cha mkono, cha chuma, chenye kidroo cha mbao chini kinachopokea unga. Mama yako Eustakia alipokuja Newala kuwa mhudumu wa zahanati, kisagio kile kilikuja ndani ya sanduku lake, kimefungwa kwa kanga. Mimi wakati huo nilikuwa karani wa ghala la korosho la chama cha ushirika. Nilikwenda zahanati na kidole kilichochubuliwa na mafuta ya korosho, akanifunga bandeji, na miezi minane baadaye tukafunga ndoa.

Kila mwaka, mavuno ya kule yakiisha, Otmari alituma mfuko wa buni zilizokwisha kukobolewa. Bibi yako aliushona mdomo kwa mkono wake, na ndani yake alichanganya vitu vingine: maharage ya mbegu, kitambaa cha mtoto, karatasi yenye habari za nyumbani aliyoandikiwa na mjukuu. Mfuko ulikuja kwa lori la mtu mmoja tuliyemwita Baba Zaituni, aliyekuwa akiendesha kati ya Songea na Masasi katika barabara ambayo masika iliweza kumlaza porini siku tano. Aliuacha katika duka la karibu na stendi ya Masasi. Kazi yangu ilinipeleka Masasi kila wiki, kwa hiyo mimi ndiye niliyeuchukua na kuupandisha Newala. Kumbuka hilo. Chochote kilichotoka kwao kuja kwake, na chochote kilichotoka kwake kwenda kwao, kilipita mikononi mwangu.

Jumapili baada ya misa alikaanga. Alikuwa na chungu kipana kilichofinyangwa na mwanamke mmoja wa hapo Newala, alikiweka juu ya mafiga nyuma ya nyumba, akawa anageuza buni kwa kijiti bila kusimama. Jirani yetu Bi Somoe aliisikia harufu hata kabla ya moshi, akaja na kigoda chake na kukaa upande usio na upepo. Yeye alizoea kahawa ya wauzaji wa mitaani, chungu, ya kuchemka asubuhi nzima. Alimwambia mama yako, "Mama Sekunda, hii yako haipigani na mtu." Mama yako alicheka sana siku ile.

Na maji ya Newala unayajua. Enzi zile bomba lilinyamaza wiki hata tatu, wanawake wakashuka bondeni na kuupanda ule mlima na ndoo kichwani. Mama yako alipima maji ya kahawa kwa kikombe kile kile cha kunywea. Tukiwa wawili, vikombe viwili na kidogo cha kulipia mvuke. Yakichemka aliyaepua, akayaacha yatulie kama mtu anavyosubiri mgeni aketi, ndipo akatia kahawa, akakoroga mara moja, akafunika, akamimina kupitia kitambaa. Hakumwaga hata funda. Nami nilikunywa bila kufikiri, nikizungumza mambo mengine.

Kisha mambo ya biashara yakafunguliwa. Wewe umekua katika nchi yenye maduka yaliyojaa, hutajua tulivyokuwa tukitazama sabuni ya kunukia kama kitu cha kuonyeshwa wageni. Maduka ya Masasi yakajaa redio, viatu, vitenge, vyombo vya plastiki vya rangi ambazo sikuwahi kuziona. Korosho nazo zikafunguliwa. Chama kikapunguza watu, nami nilikuwa mmoja wao, na msimu haukufika katikati nikachukuliwa kuwa wakala wa mnunuzi binafsi aliyetoka Dar es Salaam. Nilimwita Bosi, kama walivyomwita wote. Nilipata shati jeupe na nafasi ya kiti cha mbele katika gari. Mtu aliyekaa miaka mingi akipima magunia ya wengine, siku anapoketi kiti cha mbele, kitu fulani kichwani mwake hulegea. Sisemi ili unihurumie. Nasema kwa sababu hata wewe utapata kiti chako cha mbele, na hutasikia kitu hicho kikilegea.

Bosi aliniita Dar mara moja. Ofisini kwake, juu ya kabati, kulikuwa na mashine ya umeme yenye jagi la kioo, na kahawa ilikuwa ikidondoka ndani yake tone kwa tone bila mtu kuigusa. Sikuisikiliza hata nusu ya maneno niliyoitiwa. Kesho yake nilikwenda Kariakoo, nikatafuta mpaka nikapata iliyofanana nayo, nikaipakata mapajani safari nzima ya kurudi.

Sikuuliza swali hata moja dukani. Sikuuliza inatumia maji kiasi gani, sikuuliza inahitaji karatasi za kuchujia, wala sikufikiri kwamba Newala umeme ulitoka kwenye jenereta, ukaja jioni saa chache, na mafuta yakikosekana haukuja kabisa. Nilichagua kwa macho ya wageni ambao watakuja kuiona. Mashine ile ilitaka jagi zima. Ukiitia maji ya vikombe viwili ilikoroma na kutema mvuke, na kilichotoka kilikuwa maji ya rangi. Karatasi za kuchujia ziliisha mwezi wa kwanza, mama yako akakata kitambaa cha shuka kwa ukubwa wake. Kahawa iliyobaki ilikaa juu ya kile kibati cha moto ikawa kama dawa ya mizizi, nami niliinywa hivyo hivyo nikisema ni nzuri. Maji yaliyopandishwa mlima kwa kichwa yalimwagwa kila jioni, kwa sababu mimi nilipenda jagi lionekane limejaa.

Mama yako alijaribu kuniambia. Aliniambia kwa upole kwamba mashine ingefaa kwa nyumba yenye watu wengi na bomba ndani. Nilimwambia anang'ang'ania mambo ya shamba. Nikamkataza kukaanga nyuma ya nyumba, eti wageni wanaona moshi na kudhani tunachoma mkaa. Tukawa tunatumia unga wa kopo.

Siku moja Bosi alikuja kula kwetu. Akakiona kisagio juu ya rafu, akakizungusha, akafungua kile kidroo na kukifunga, akasema vitu kama hivi watu wa mjini hupamba navyo sebule. Nikamwambia achukue. Mama yako alikuwa mlangoni na sahani. Aliziweka mezani, akarudi jikoni. Mgeni alipoondoka aliniambia maneno manne tu, "Kile kilikuwa cha baba." Nikamjibu kwamba nitamletea cha umeme.

Hilo ni kosa la kwanza, na ni dogo kuliko la pili.

Mavuno yalipoisha mwaka ule, mfuko ulikuja kama kawaida. Nilikuwa Masasi na Bosi. Tulisimama pale dukani, nikatoka na ule mfuko umejaa vumbi jekundu la Tunduru, umeshonwa kwa uzi wa katani, nikauweka kwenye gari. Bosi akatazama, akaniuliza huku akicheka kama siku hizi nimekuwa mchukuzi wa stendi. Hakuwa na ubaya, alisema akasahau. Mimi sikusahau. Nilirudi ndani ya duka, nikaomba karatasi, nikamwandikia Otmari. Niliandika kwamba dada yake anashukuru, lakini kahawa ya kukaanga na kusaga inamtesa, kwamba yeye mwenyewe amesema wasijisumbue tena, siku hizi tuna mashine na tunanunua ya dukani. Nikaiacha hapo dukani ili Baba Zaituni aipeleke.

Mama yako hakuwahi kusema neno hata moja kati ya hayo. Mfuko nilimpelekea siku ile, akaushika kifuani kabla ya kuufumua. Hakujua kwamba ni wa mwisho.

Mwaka uliofuata akasubiri. Aliniuliza kama lori halijafika, nikasema huenda mavuno hayakuwa mazuri. Akaandika barua kwao, akanipa niiweke posta Masasi. Niliitia ndani ya koti. Niliogopa kwamba wakijibu, jibu litataja barua yangu. Nilijiambia nitaiweka wiki ijayo, nitakapokuwa nimepata namna ya kueleza. Akaandika ya pili, nayo ikaingia koti lile lile. Sekunda, sikukaa nikapanga kumtenga mama yako na watu wake. Kila siku niliahirisha jambo moja dogo tu.

Bibi yako alifariki kiangazi hicho. Otmari alituma ujumbe kwa mdomo wa Baba Zaituni, lakini lori halikuwa tena na sababu ya kusimama pale dukani, na mwenye duka alikuwa amempangisha mtu mwingine asiyetujua. Nilikutana na Baba Zaituni kwa bahati tu, kwenye mzani wa mazao. Alinipa pole, nikamwuliza pole ya nini. Bibi alikuwa amekwisha kuzikwa, na matanga yalikuwa yameshaanuliwa.

Nilimwambia mama yako jioni ile ile. Hilo angalau sikulichelewesha. Alikaa chini kwenye mkeka, akalia mpaka sauti ikakauka, na Bi Somoe akaja kumshika. Alipopata pumzi akaniuliza, "Kwa nini wamechelewa hivi kuniambia?"

Nikasema, "Barabara."

Aliniamini. Alilaumu barabara ya Tunduru kwa muda wa mwaka mzima na zaidi. Nilimsikia akiwaeleza wanawake wenzake, akisema kwamba barabara ile imemzika mama yake bila yeye. Nami nilikuwa nimekaa hapo hapo, nakubali kwa kichwa.

Mnunuzi wetu hakurudi msimu uliofuata. Kiti cha mbele kikaishia hapo. Mashine nayo ilikufa siku umeme ulipokuja kwa nguvu mno ukaunguza taa za mtaa mzima. Niliipangusa vumbi nikaiacha mezani, maana niliona aibu kuiondoa. Ulikuwa na miaka minane mama yako aliposema anakwenda kwao kuliona kaburi. Ulikuwa unaugua surua, kwa hiyo ulibaki kwa Bi Somoe. Nilitafuta sababu ya kumzuia, nikazikosa zote. Nilimpeleka stendi nikajua kwamba ninampeleka kwenye barua yangu.

Alikaa wiki tatu. Aliporudi ilikuwa mchana, wewe na Bi Somoe mko uani mnapukuchua mbaazi. Alikusalimu, akakushika paji la uso kuona kama umepona kweli, kisha akaingia ndani nilikokuwa. Akafungua mkoba wake, akaweka karatasi mezani mbele ya ile mashine. Nilitambua mwandiko wangu hata kabla haijakunjuka.

Akasema, "Nimesoma maneno yangu ambayo sikuyasema."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Hakupiga kelele. Alisema tena, taratibu, kama anayemweleza mgonjwa namna ya kumeza dawa, "Mama amekufa akijua kwamba kahawa yake inanitesa. Kaka ananiambia aliuliza kila lori lililopita kama nimebadili mawazo." Kisha akaniuliza kuhusu barua zake mbili. Nikaenda nikazitoa katika lile koti, kwa kuwa sikuwahi kuzichoma wala kuzituma. Alizipokea, akazitazama bahasha kama zilikuwa bado zimefungwa, akatoka kwenda kukusaidia kupukuchua mbaazi.

Hakurudi kwao. Watu walimshauri aondoke, Bi Somoe mwenyewe alimwambia hivyo mbele yangu. Alibaki, akanipikia, akaniuguza malaria, akanishauri kuhusu mikorosho tulipohamia huku Lisekese kwenye shamba la marehemu baba yangu. Alikuwa amerudi na mfuko wa buni kutoka kwa kaka yake, na Jumapili iliyofuata akatoa chungu chake, akakaanga nyuma ya nyumba. Mimi nilibaki sebuleni. Alitwanga kwenye kinu, kwa kuwa kisagio hakikuwapo. Alimimina kikombe kimoja chake na kimoja cha Bi Somoe. Mimi hakuniletea. Na huku Lisekese ikawa vivyo hivyo, kwake na kwa mgeni wa kike aliyekuwapo. Chai yangu niliikuta mezani kila siku, ya moto, yenye sukari ninayopenda. Lakini kahawa hakunipa tena hata siku moja, nami sikuomba. Miaka mitatu, Sekunda. Kati ya kikombe kile na mimi palikuwa na neno moja tu la kusema, nalo sikulisema. Nilimnunulia kitenge, nikamwezekea jiko bati, nikampandia mibuni miwili hapo nyuma ambayo ilikauka kwa joto. Yote hayo alishukuru. Nilitaka vitu viseme badala ya kinywa, na vitu havijui kusema.

Alipougua lile shinikizo la damu ulikuwepo, sihitaji kukukumbusha. Siku ya pili hospitalini aliniita nikae karibu. Alisema, "Mpeleke Sekunda kwa kaka yangu. Uende naye wewe mwenyewe." Nikasema nitampeleka. Nilitaka kuongeza lile neno jingine, lakini mwuguzi akaja kumpima, nikapisha. Asubuhi yake alikuwa hasemi tena.

Otmari alifika siku ya tisa baada ya mazishi, mvua ilikuwa imekata barabara. Unamkumbuka, yule mtu mrefu mwenye koti la mvua. Alikaa siku mbili, akashinda kaburini, usiku akalala kwa katekista. Hakula kitu katika nyumba yetu, hata maji alikunywa kwa jirani. Uliniuliza kwa nini mjomba hali, nikakuambia anaumwa tumbo. Nilikudanganya. Alipoondoka alikupa wewe mfuko wa buni mkononi, akasema ni wa kwako. Mimi hakuniambia ila kwaheri.

Ule mfuko ndio ulionifundisha kahawa. Wewe ulikuwa mdogo, hukujua la kuufanyia, ukanipa. Nilitoa chungu cha mama yako nikawasha moto, ndipo nikagundua kwamba nimeishi na mwanamke miaka kumi na minne, nimekunywa kahawa yake miaka mingi, na sijui anakaanga kwa muda gani. Niliunguza za kwanza zikawa mkaa. Za pili zilikuwa mbichi ndani. Nilikaa pale nikijaribu kukumbuka kijiti chake kilikwenda upande gani, rangi ipi ilimfanya aepue, na sikukumbuka kitu, maana sikuwa natazama. Nimejifunza kwa kuharibu. Yule mtawa daktari niliyemfanyia kazi ya bustani ndiye aliyenionyesha mengine, na alipohamishwa akaniachia lile birika langu dogo.

Kwa hiyo sasa naweza kukujibu. Ile ya umeme yenye jagi iache. Umeniambia nyumba za walimu huko hazina umeme, na hata umeme ukifika, wewe ni mtu mmoja. Ile ya kioo yenye kifuniko cha kusukumia machicha chini ni nzuri kwa kunywa, lakini kioo hakitavuka barabara ile salama, na ukikivunja Mbinga hutapata kingine. Chukua ile ya tatu, birika la chuma la vipande viwili linalokaa juu ya jiko la mkaa, kama langu. Chukua dogo, la vikombe viwili, usidanganywe na kubwa kwa sababu ya wageni. Kabla ya kulipa, lifungue lote mwenyewe hapo dukani uone kama mkono wako unafika kila pembe, na uulize kama pete ya mpira ya katikati inauzwa peke yake, kwa kuwa hiyo ndiyo hufa kwanza. Maji yasipite kile kitundu cha pembeni cha kutolea mvuke. Kahawa ijaze kile kikapu cha ndani chenye matundu, usiishindilie. Moto uwe mdogo, na likianza kukoroma liepue hapo hapo, usingoje limalize. Lisuuze kwa maji ya moto, ulianike likiwa limefunguka.

Lakini kama fedha hazitoshi kwa vitu viwili, nunua kisagio kizuri na uchemshe kahawa kwenye sufuria kama mama yako. Unga uliosagwa sasa hivi ndani ya sufuria hushinda mashine yoyote yenye unga wa kopo. Na kabla hujanunua chochote, kaa kwanza na watu wa kule, uwaone wanavyofanya. Uliza ukiwa hujui. Mimi ningeuliza siku ile ya Kariakoo, au ningemwuliza tu mwanamke aliyekuwa nyumbani kwangu, huenda barua hii ingekuwa ya kufua na kuamka mapema.

Jua limeshuka, herufi zinaanza kunipotea, na nasikia kama pikapu ya Chiungutwa inakuja. Nimalizie lililobaki.

Ulipopata karatasi ya kupangiwa kituo ulishangaa kwamba katika nchi nzima wamekupeleka Mbinga. Ukasema ni bahati. Mimi niliingia chumbani nikakaa kitandani, kwa sababu serikali, bila kujua, imefanya lile nililoagizwa na mama yako na ambalo nimelikalia miaka kumi na mmoja. Unakwenda kwa mjomba wako. Unakwenda peke yako, na mama yako alisema niende nawe. Ungeniambia nipande basi nawe kesho ningepata sababu, shamba, kifua, kuku. Najijua.

Otmari nimemwandikia kwamba unakuja. Nimeandika barua tatu mezani hapa nikazichana, ya nne ndiyo nimeituma, ina mistari miwili, na neno nililomnyima mama yako limo. Hajajibu. Inawezekana hatajibu.

Atakupokea, sina wasiwasi na hilo. Wewe ni mtoto wa dada yake. Siku moja, mtakapokuwa mmezoeana, ataanza kukueleza habari zangu. Utakuwa umekwisha kuzijua, na najua moyo wako, utataka kusema kwamba baba alikulea peke yake, kwamba baba amebadilika, kwamba baba anasikitika. Usiseme. Msikilize mpaka amalize, Sekunda, na usinitetee.

Baba yako,
Lisekese